Blues ya Mashambani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Asili na Sauti Yake

Blues ya mashambani ni muziki gani hasa?

Ni muziki wa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini, uliokomaa kati ya miaka ya 1890 na 1930: mtu mmoja, gitaa moja lisilo la umeme, sauti yake, na mguu unaogonga sakafu. Mara nyingine huongezwa kinanda cha mdomo au gitaa la pili. Wakati huohuo mijini kulikuwa na waimbaji kama Ma Rainey na Bessie Smith, walioimba wakisindikizwa na piano na tarumbeta. Huku shambani hakuna bendi. Mwimbaji ndiye mpiga besi, ndiye mpiga ngoma, ndiye mwitikiaji wake mwenyewe. Akitaka kulivuta neno analivuta, na gitaa litamngoja, kwa kuwa mkono unaolipiga ni wake. Shika hilo, maana maswali mengi yaliyo hapa chini yanarudi palepale.

Delta inayotajwa kila mara ni pale Mississippi unapoingia baharini?

Hapana. Mto unaingia baharini kule Louisiana. Delta ya blues ni tambarare ya mafuriko kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, kuanzia karibu na Memphis hadi Vicksburg, urefu wa kilomita 320 hivi. Udongo wake wa rutuba ulileta mashamba makubwa ya pamba, na pamba ikaleta vibarua. Wengi walilima kwa mgawo: mwenye shamba anatoa ardhi, mbegu na mkopo wa dukani, mavuno yanagawanywa, na daftari la hesabu analishika yeye. Mwaka ukiisha, mkulima mara nyingi alijikuta bado anadaiwa. Kwenye shamba la Dockery, lililoanzishwa 1895, ndiko alikokulia kimuziki Charley Patton, na waliomzunguka wakajifunza kwake.

Delta si yote, ingawa mashabiki wengi husema kana kwamba ndiyo pekee. Texas ilikuwa na Blind Lemon Jefferson. Georgia na Carolina mbili, eneo liitwalo Piedmont, zilikuwa na Blind Willie McTell na Blind Boy Fuller. Vilima vya kaskazini mwa Mississippi vina mtindo wao mwingine kabisa, wimbo mzima unaozunguka kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) bila kuhama.

Ilianza lini?

Hakuna siku wala mtu aliyeianzisha. Tulichonacho ni mashahidi. Charles Peabody, mwanaakiolojia wa chuo kikuu cha Harvard, alichimba vilima vya kale katika Delta mwaka 1901 na 1902, na mwaka 1903 akachapisha maelezo ya nyimbo alizozisikia kwa vibarua wake weusi. Mnamo 1903 hivi, W. C. Handy alikuwa akisubiri treni katika kituo cha Tutwiler, akamsikia mtu akibonyeza nyuzi za gitaa kwa kisu huku akiimba kuhusu mahali ambapo reli mbili zinakutana. Handy, aliyekuwa mwanamuziki msomi wa noti, alianza kuchapisha nyimbo za namna hiyo mwaka 1912.

Santuri ya kwanza ya blues iliyouzwa sana ni ya Mamie Smith, mwaka 1920, na hiyo ni ya mjini. Sylvester Weaver alirekodi gitaa la blues mwaka 1923. Baada ya Jefferson kuvuma mwaka 1926, kampuni zikaanza kuwasaka wapiga gitaa wa vijijini. Kwa hiyo rekodi tunazoziita za mwanzo zimechelewa kwa miaka 20 au 30.

Asili yake ni Afrika. Afrika ipi? Na sisi wa mashariki tumo?

Makadirio ya wanahistoria ni kwamba takribani watu 388,000 walishushwa Amerika ya Kaskazini moja kwa moja kutoka Afrika. Wengi walitoka Senegambia, Guinea, Ghuba ya Biafra na eneo la Kongo na Angola. Waliotoka Madagaska na upande wetu walikuwa wachache mno. Anayesema blues ilizaliwa Mombasa au Bagamoyo anajifurahisha.

Kilichovuka bahari hakikuwa nyimbo kamili bali mazoea: kuita na kuitikia, kuikunja sauti juu ya silabi moja, kupenda ala inayokoroma kidogo badala ya kulia safi, na muziki wa ala za nyuzi. Kule Senegambia kulikuwa na ala kama ngoni na akonting, jamaa wa karibu wa banjo. Kulikuwa pia na Waislamu wengi miongoni mwa waliotekwa, na msikilizaji aliyezoea kaswida atatambua namna ile ya kulizungusha neno moja juu ya noti nyingi. Juu ya hayo Marekani iliongeza nyimbo za kanisani, nyimbo za kazi za kupasua mawe na kujenga reli, na ule wito mrefu wa mtu mmoja shambani, usio na mapigo, unaopanda juu na kushuka taratibu. Ukiusikia wito huo peke yake, utajua mstari wa blues ulitoka wapi.

Uhusiano wa kweli na Afrika Mashariki upo, ila ni wa kurudi. Jimmie Rodgers, mzungu wa Meridian, Mississippi, aliimba blues ya baa 12 (zinaelezwa hapa chini) kwa sauti ya kupasua koo, na santuri zake zikafika Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, aliwarekodi Wakipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha.

Mbona ni gitaa, na si ngoma?

Baada ya uasi wa Stono wa mwaka 1739, South Carolina ilipitisha sheria mwaka 1740 iliyokataza watumwa kutumia ngoma, kwa hofu kwamba wangepashana habari. Marufuku hayakuwa kila mahali. New Orleans ngoma ziliendelea. Lakini sehemu kubwa ya kusini mapigo yalihamia kwenye makofi, miguu, fidla na banjo. Gitaa lilikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, lilipoanza kuuzwa kwa katalogi za posta kwa dola chache. Nyuzi za chuma zikalipa nguvu ya kusikika katika chumba chenye watu wanaocheza, na noti zake zikadumu kuliko za banjo. Noti inayodumu inaweza kuvutwa na kupindwa. Banjo haikuweza hivyo.

Baa 12 ni nini?

Si baa za pombe, ingawa muziki huu ulipigwa humo sana. Baa ni kipande cha muda chenye mapigo 4. Wimbo wa kawaida una ubeti wa baa 12, yaani mapigo 48, na kodi tatu tu. Kwa aliyesoma solfa kwenye kwaya, kodi hizo ni ya do, ya fa na ya so. Ukipiga kwa E, ni E, A na B7.

Ubeti una mistari mitatu, wa kwanza unarudiwa, wa tatu unajibu. Mfano wa kutungwa:

Mto umefurika tena, maji yamefika mlangoni,
Nasema mto umefurika tena, maji yamefika mlangoni,
Godoro nimelitwika kichwani, sijui nalala kwa nani.

Mpangilio wake ni huu. Baa 1 na 2, unaimba mstari wa kwanza juu ya do. Baa 3 na 4, gitaa linajibu, bado do. Baa 5 na 6, mstari wa pili juu ya fa. Baa 7 na 8, gitaa linajibu juu ya do. Baa 9 na 10, mstari wa tatu, so kisha fa. Baa 11 na 12, gitaa linafunga kwa do na kugeuza kurudi mwanzo. Tazama: karibu nusu ya ubeti ni ya gitaa. Anayejaza baa 3 na 4 kwa maneno ameua wimbo. Na kila mstari una pumziko katikati, kama ukwapi na utao wa shairi, ambapo gitaa huchomeka noti mbili tatu.

Kwa nini mstari unarudiwa? Wapo wanaosema ni ili mwimbaji apate nafasi ya kubuni wa tatu. Hiyo ni sehemu tu. Mstari uleule ukisikika mara ya pili juu ya fa unabeba uzito tofauti, kwa sababu ardhi iliyo chini yake imesogea.

Nahesabu rekodi za zamani, lakini baa hazitimii 12. Nakosea wapi?

Hukosei. Wanaopiga peke yao huongeza mapigo mawili, hukata moja, hukaa baa 13 na nusu, halafu ubeti unaofuata wanabadilisha tena. Jefferson alikuwa akisimamisha mapigo kabisa ili gitaa limalize maneno yake. Lightnin' Hopkins na John Lee Hooker walihama kodi walipojisikia, na wapigaji waliowasindikiza walipata taabu. Huko si kutojua kuhesabu. Urefu wa mstari unaamuliwa na pumzi na jibu la gitaa, hesabu inafuata.

Ukimsindikiza mtu wa namna hii, acha kuhesabu. Tazama kidole gumba chake na usubiri neno la mwisho la mstari liishe ndipo uhame. Bora uchelewe nusu pigo kuliko kutangulia.

Noti za bluu ni zipi, na nazipataje?

Ni mi, ti na wakati mwingine so, zikishushwa kidogo. Neno "kidogo" ndilo lenye kazi. Mi ya blues haiko kwenye mi kamili wala kwenye mi iliyoshushwa nusu toni. Inaelea katikati, na mara nyingi inaanza chini ikipanda. Piano haina ufunguo wa noti hiyo, ndiyo maana wapiga piano hugonga funguo mbili za jirani kwa pamoja.

Kwenye gitaa, ukiwa kwa E, bonyeza uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, freti ya 3 (freti ni vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Hiyo ni mi iliyoshushwa. Isukume pembeni kwa robo ya toni tu. Kosa la kila anayeanza ni kusukuma mpaka inafika noti ya freti ya 4. Hapo utamu umekwisha, inabaki kodi ya kawaida ya furaha. Kosa la pili ni kuzisukuma noti zote. Ya do iache imenyooka, ndiyo nguzo.

Kidole gumba kinafanya nini?

Kinafanya kazi ya besi na ngoma. Zipo njia mbili kuu. Ya kwanza, gumba linagonga uzi uleule mnene kila pigo, moja-mbili-tatu-nne, kama walivyofanya Big Bill Broonzy na Mance Lipscomb wa Texas. Ya pili, gumba linaruka kati ya nyuzi mbili. Kwa kodi ya E ni wa 6 na wa 4, kwa C ni wa 5 na wa 4. Hiyo ndiyo ya Piedmont, na pia ya Mississippi John Hurt, ambaye kijiografia ni wa Mississippi lakini mkono wake una utulivu wa mashariki.

Anza na gumba peke yake, mapigo 60 kwa dakika, mpaka uweze kuzungumza na mtu bila gumba kusita. Kisha ongeza kidole cha shahada pamoja na gumba kwenye pigo la kwanza tu. Halafu kihamishe katikati ya mapigo. Hapo ndipo gumba la wengi husimama au hufuata kidole. Dawa yake ni kurudi polepole, si kukazana. Laza ubavu wa kiganja juu ya daraja la gitaa ili nyuzi nene zitoe mdundo mfupi mkavu; zikilia wazi zinafunika sauti yako ya kuimba.

Aliyekulia na gitaa la Katanga la Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, au na omutibo ya George Mukabi wa magharibi mwa Kenya, ana mwanzo mzuri: huko nako ni gumba na shahada. Si ndugu wa damu wa blues, lakini kidole kinakumbuka. Tofauti ni kwamba gitaa la Katanga na la omutibo linazunguka bila kukoma, la blues linanyamaza na kujibu.

Natuni gitaa vipi?

Nyimbo nyingi ziko kwenye tuni ya kawaida, E A D G B E. Zinazopigwa kwa kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi hutumia tuni wazi, ambayo ukipiga nyuzi zote bila kubonyeza unapata kodi kamili.

Ya kwanza wapigaji waliiita Spanish. Shusha uzi wa 6 hadi D, wa 5 hadi G, wa 1 hadi D. Unapata D G D G B D. Ya pili waliiita Vestapol: uzi wa 6 hadi D, wa 3 hadi F#, wa 2 hadi A, wa 1 hadi D, yaani D A D F# A D. Majina yote mawili yalitokana na vipande vya gitaa vya sebuleni vya karne ya 19. Skip James wa Bentonia aliushusha uzi wa 3 zaidi, hadi F, na ile baridi unayoisikia kwenye rekodi zake za 1931 inatoka hapo.

Ukilegeza nyuzi tatu, zile ambazo hukuzigusa zitapanda kidogo, kwa sababu shingo imepunguziwa mzigo. Kwa hiyo zungukia nyuzi zote mara mbili. Kila noti ifikie kutoka chini: ipitishe, kisha kaza hadi mahali pake. Ukiishia kwa kulegeza, kigingi kitateleza na uzi utashuka katikati ya wimbo. Ukitaka A badala ya G, au E badala ya D, weka kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote, kwenye freti ya 2. Kukaza nyuzi juu kunazikata na kunavuta daraja.

Nateleza chupa vipi?

Chukua shingo ya chupa ya mvinyo iliyonyooka, urefu wa sentimita 5 hadi 7, kingo zikiwa zimesuguliwa kwa msasa wa maji hadi zisikate. Kipande cha bomba la shaba kinafaa pia. Kivae kidole cha mwisho, ili vitatu vibaki huru kubonyeza.

Gusa uzi bila kuukandamiza, juu kabisa ya kijiti cha freti, si katikati ya freti mbili kama unavyobonyeza kawaida. Hili ndilo kosa la kwanza: noti zote zinakuwa chini na mtu anadhani gitaa limeharibika. Kosa la pili ni makelele nyuma ya chupa. Laza kidole cha shahada kwa wepesi juu ya nyuzi, nyuma yake, kuzinyamazisha. Kosa la tatu ni chupa kugonga freti. Nyuzi ziko chini mno au ni nyembamba mno. Kwenye freti ya 12 acha uwazi wa milimita 3 hivi, na tumia seti inayoanzia 0.013 ya inchi.

Katika tuni ya Spanish, nyuzi wazi ni do, freti ya 5 ni fa, ya 7 ni so, ya 12 ni do ya juu. Wimbo mzima uko hapo. Baada ya hapo acha kufikiria kodi, anza kuufuatisha mstari unaouimba kwa uzi wa kwanza. Son House wakati mwingine haimalizi sentensi, chupa inaimalizia. Fred McDowell ndiye mwalimu bora wa hilo.

Nikikosa gitaa?

Fanya walivyofanya watoto wa Delta: walichomoa waya wa kufungia ufagio, wakaukaza kati ya misumari miwili kwenye ukuta wa mbao na kuingiza chupa chini yake kuuinua. Jamaa zake ni ala za waya mmoja za Afrika Magharibi na ya Kati. Ukuta wa saruji hautoi sauti. Tumia ubao wa sentimita 90, debe tupu la rangi upande mmoja, na uzi wa gitaa wa chuma wa 0.017 hadi 0.020. Gonga kwa kidole, teleza chupa ndogo kwa mkono mwingine.

Kinanda cha mdomo cha noti gani?

Fa ya wimbo ndiyo do ya kinanda. Wimbo wa E, kinanda cha A; wimbo wa G, kinanda cha C. Ukivuta pumzi tundu la 2 unapata do ya wimbo, na noti za kuvuta ndizo zinazopindika. Anayechukua kinanda cha noti ileile ya wimbo atapiga vizuri nyimbo za kanisani, blues itamkwepa.

Mbona rekodi zinakwaruza hivyo?

Paramount, kampuni ya santuri iliyomrekodi Patton, Jefferson na James, ilikuwa ya kampuni ya viti ya Wisconsin. Ilianza kuuza santuri ili makabati ya gramafoni yapate wanunuzi. Malighafi yake ilikuwa hafifu, sahani nyingi za asili za chuma zikapotea, na tunachosikia kimenakiliwa kutoka santuri zilizochakaa kwa sindano. Santuri ya inchi 10 ilichukua dakika 3 hivi, kwa hiyo wimbo uliochezwa robo saa kwenye dansi ulikatwa. Usichukue urefu wa rekodi kuwa urefu wa wimbo.

Ni kweli Robert Johnson alimuuzia Shetani roho yake njia panda?

Wimbo wake wa njia panda hautaji mauzo yoyote. Hadithi hiyo ilisimuliwa kwanza kumhusu Tommy Johnson, mtu mwingine kabisa, na aliyeisimulia ni LeDell, kaka yake Tommy. Robert alifunzwa na Ike Zimmerman, karibu na Hazlehurst alikozaliwa. Alirekodi nyimbo 29, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa Agosti 1938. Shetani hamfundishi mtu kubadilisha besi.

Wanawake hawakupiga gitaa?

Walipiga. Memphis Minnie alianza kurekodi 1929 na kuendelea kwa miaka 20 na zaidi, akiwa mpigaji mkuu mwenyewe, si pambo la mumewe. Geeshie Wiley na Elvie Thomas walirekodi Grafton, Wisconsin, mwaka 1930, nyimbo chache tu, na gitaa mbili zao zinavyopishana ni somo tosha.

Nianze kumsikiliza nani?

Mississippi John Hurt wa 1928, kwa kuwa gumba lake linasikika wazi. Kisha Memphis Minnie. Kisha McDowell, aliyerekodiwa na Alan Lomax mwaka 1959, sauti ikiwa safi. Baada ya hapo ndipo Patton: mikwaruzo ni mingi na maneno hayashikiki, lakini masikio yako tayari yatakuwa yanajua pa kutafuta besi. Skip James mwache wa mwisho, na umsikilize usiku.